Kusaidiana mtaani au kujitolea kwenye taasisi? Linganisha kwanza kabla hujajiunga

Mwaka juzi tulikuwa na msiba Makorora, nyumba ya tatu toka kwetu, na kwa jirani yetu mwingine alikuwa amepanga chumba binti mmoja wa Kijerumani, wale wanaokuja Tanga mwaka mzima kufundisha mashuleni na kwenye vituo vya watoto. Binti alikuja msibani kama sisi wote, kajitanda kanga, kakaa mkekani, kapewa kisu na beseni la vitunguu. Tumekata tumekata, macho yanatiririka, afu akanigeukia akaniuliza kwa Kiswahili chake kizuri tu: "Dada, wewe unajitolea wapi?" Nikamjibu fasta bila hata kufikiria, "Mimi sijitolei popote mdogo wangu, sina muda." Na wakati namjibu hivyo niko pale toka alfajiri, nachambua mchele kilo 30 wa kulisha watu zaidi ya mia, kesho yake narudi tena kusugua masufuria, na hakuna aliyenilipa wala sikutegemea kulipwa.

Usiku nimelala ndo nikaanza kujiuliza, hivi kwanini nilisema sijitolei? Nikagundua kwangu mimi neno kujitolea lina fulana yenye nembo, lina karatasi ya mahudhurio, lina semina na soda. Kile nilichokuwa nakifanya pale nilikuwa nakiita msiba tu. Na yeye kujitolea anakojua ni kutoka kwa watu wako ukamsaidie usiyemjua kabisa, kwa muda uliopangwa na kwa makaratasi. Vitunguu tunakata vilevile, maana kila mtu ana yake.

Sasa mwezi uliopita binti wa kaka yangu kamaliza chuo, kanipigia simu, "Shangazi nimekaa tu nyumbani nazeeka, nataka nijitolee sehemu, niende wapi?" Nikamwambia nipe siku mbili. Haya nayoandika ndo niliyomwambia, nimeongeza kidogo, maana najua kuna wengi wanaouliza swali hilohilo, wengine wamestaafu, wengine wana kazi ila moyo unawasuta.

Kusaidiana kwa mtaa

Watu wa Upareni na wa huku milimani kwetu wana neno zuri sana, msaragambo. Kila kaya inatoa mtu na jembe lake, mnatengeneza barabara au mnachimba mtaro wa maji au mnasomba mawe ya darasa, mkimaliza kila mtu kwake. Mjini hapa msaragambo wa majembe umepungua lakini moyo wake haukufa, umehamia kwenye misiba na shughuli. Mtu akifa saa nane usiku, jua halijatoka turubai lishafungwa, viti vya kikundi vimeshatolewa, vijana wameshaondoka kwenda makaburini. Hakuna aliyeandikiwa barua. Na kule makaburini kazi ina wenyewe, maana mwanandani, lile shimo la pembeni ndani ya kaburi anapolazwa maiti, hauchimbwi na kila mtu, unataka anayejua kuukata upande wa kibla bila kubomoa ukuta, na mara nyingi utakuta ni mzee mmoja huyohuyo anashuka chini na kijembe kifupi huku vijana juu wanapokea udongo, wakimwambia "mzee panda sasa sisi tumalizie" anakataa.

Kwa Waislamu hili lina hukumu yake kabisa. Kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi kifaya, wakifanya baadhi wengine wote imewaondokea, asipofanya hata mmoja dhambi ni ya wote. Mimi naona hapa ndo ilipo nguvu ya mtindo huu, kwamba hakuna anayejiona kafanya wema wa ziada, kila mmoja anajiona anawapunguzia wenzake mzigo ambao ni wa wote. Ndo maana hata mimi sikuuita kujitolea.

Halafu una kasi ambayo hakuna ofisi itaifikia. Kumbukeni ile ndege iliyoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ndani watu 43. Waliofika mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao, na kijana mvuvi Majaliwa Jackson alisimulia kwamba alitumia kasia kuufungua mlango wa nyuma watu wakaanza kutoka. Waliokoka 24, 19 wakafariki, Mungu awarehemu. Majaliwa mwenyewe aliumia kwenye uokoaji ule akapoteza fahamu, akazindukia hospitali. Na Kariakoo vilevile, jengo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, mikono ya mwanzo kwenye kifusi ilikuwa ya watu waliokuwa hapohapo sokoni. Jirani anawahi kwa sababu yupo.

Ila mtindo huu una daftari. Hata kama halijaandikwa lipo, na siku hizi limeandikwa kabisa. Sisi kikundi chetu cha kufa na kuzikana tunachanga elfu mbili kwa mwezi, katibu anaandika nani katoa nani hajatoa, nani kafika nani kaleta udhuru, na kwenye grupu la wasap majina yanawekwa. Kwa mwenye mizizi mtaani daftari hili ni kinga, anajua kabisa siku yake ikifika watu watakuja. Kwa asiye na mizizi ni ukuta.

Kuna mama mmoja alipanga mtaa wa nyuma, alitoka mkoa wa mbali, anafanya kazi za zamu, anatoka usiku anarudi asubuhi kachoka analala. Misibani hakuwa anaonekana. Watu wakasema anajisikia. Siku mwanawe mdogo alipofariki nilikwenda nikakuta watu wazima sita, nimewahesabu, sita, na wawili kati yao ni wenye nyumba. Hakuna turubai. Maji ya kuoshea maiti alichota mwenyewe mfiwa. Nilimshika ile ndoo nikamwambia "dada acha, acha nichote mie", akaniangalia hakusema kitu, akaiachia. Jioni nikampigia kiongozi mmoja wa kikundi, akanijibu kwa upole tu, "mwanangu, yule hayupo kwenye daftari." Hakuwa mtu mbaya yule, alikuwa anafuata utaratibu tuliouweka wote na mimi nikiwemo, nilinyoosha mkono siku tunaupitisha.

Tangu siku hiyo siwezi tena kusema kusaidiana kwetu kunatosha. Tanga mji wa waja leo, bandari hii, viwanda hivi, vyuo, watu wanaingia kila siku kupitia stendi ya Kange na begi moja, na daftari la mtaa haliwajui.

Kujitolea kwenye taasisi

Hapa ndo upande wa pili unapong'aa. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kwa mfano kipo kisheria toka 1962, na kwenye zile kanuni saba za Msalaba Mwekundu duniani imo huduma ya kujitolea na imo pia kutokubagua, yaani mtu anasaidiwa kwa ukubwa wa shida yake, haulizwi kabila wala dini wala kama alikuja kwenye arobaini ya mama yako. Yule mama wa mtaa wa nyuma angekuwa kwenye mikono ya watu wenye kanuni hiyo asingechota maji mwenyewe.

Na unafundishwa. Hili watu wanalidharau. Moyo wa kusaidia tunao wote, ila mtu kaanguka na pikipiki shingo imeumia, majirani wanambeba mmoja miguu mmoja mabega wanamtupa kwenye bajaji, wanamwongezea madhara kwa mapenzi yao. Waliopita mafunzo ya huduma ya kwanza wanajua kumwacha alale alivyo, wamzuie asigeuze kichwa, wazuie damu kwa kukandamiza na kitambaa, wasubiri machela.

Lakini mfano mkubwa kuliko yote kwangu ni damu, nitakaa hapa kidogo kwa sababu damu inazionyesha hizi tabia mbili vizuri kuliko kitu kingine.

Mara ya kwanza nilitoa damu kwa sababu mdogo wangu alijifungua akapoteza damu nyingi. Tukaambiwa ndugu waje watoe. Tukakimbia watu wanne, wawili wakakataliwa, mmoja uzito mdogo mwingine damu haitoshi, tukabaki wawili. Na mimi nilidhani wakishanitoa wanaipeleka moja kwa moja kwa mdogo wangu, kumbe hapana, damu mpya lazima ipimwe kwanza virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, ndo itumike. Kilichomwokoa usiku ule kilikuwa kwenye friji tayari, katoa mtu ambaye mpaka leo simjui, ya kwetu ikaenda kujazia pengo. Nimekaa nje kwenye benchi nafikiria, huyo mtu alitoa kwa ajili ya nani? Hakuwa na mgonjwa, hakuwa na daftari.

Kutoa kwa ajili ya ndugu ndo kusaidiana kwa mtaa kulekule, unatoa kwa sababu ni wako. Kutoa bila mgonjwa ni ule moyo wa pili. Na hospitali inauhitaji sana huu wa pili, kwa sababu chembe nyekundu zinakaa kwenye friji siku 35 hivi, zingine 42 kutegemea dawa iliyo kwenye mfuko, baada ya hapo haifai tena, kwa hiyo sio kitu cha kujaza mara moja ukasahau, ni lazima watu wawe wanakuja mwaka mzima. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hana masaa ya kusubiri mashemeji watoke Muheza au Korogwe.

Utaratibu wenyewe ni mdogo sana. Uwe na miaka 18 mpaka 65, uzito usipungue kilo 50, uwe mzima wa afya. Mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Unapimwa uzito na presha, unachomwa kidole kuangalia wingi wa damu, unaulizwa maswali na ujibu ukweli, halafu unalala unapewa kampira unakaminya taratibu. Mililita 450 hivi, na yenyewe haichukui hata robo saa. Mara ya pili nilipokwenda, sina mgonjwa wala msiba, nimejiendea tu na baiskeli yangu, nilihisi aibu kama mtu aliyekosea mlango, nesi akaniuliza "umekuja kumtolea nani?" nikasema simtolei mtu. Akatabasamu akaandika. Nikanywa soda nikala biskuti nikakaa kivulini kidogo, nikarudi nyumbani naisukuma baiskeli mdogomdogo. Siwezi kueleza vizuri ile raha, ila ni tofauti na raha ya kumaliza kazi msibani. Msibani unapewa asante na watu kumi. Huku hakuna anayekujua na mtu anapumua.

Sasa ubaya wa taasisi. Mkubwa ni kwamba neno kujitolea limekuwa mlango wa ajira, na wengine wanaujua huo mlango wanautumia vibaya. Mdogo wangu wa kiume alijitolea sehemu moja miezi 11, anafungua ofisi, anafunga, anaingiza data, anatumwa mpaka Pangani kwa nauli yake, anaambiwa nafasi zikitoka wewe wa kwanza. Nafasi ikatoka wakaleta mtu mwingine. Akaomba basi barua tu ya kuonyesha alikuwepo, akaambiwa aliyekuwa msimamizi wako kahama, hatuna kumbukumbu. Miezi 11. Nilimwona anavyokunja ile shati ya kazini anaiweka chini kabisa ya begi, na toka hapo ukimtajia kujitolea anatoka nje.

Mimi sina tatizo na kijana anayejitolea akitafuta uzoefu, ni jambo halali kabisa, walimu wangapi wa sasa walianza kwa kufundisha bure shule za kata. Tatizo ni pale taasisi inapochukua kazi ya mshahara inaipa jina la kujitolea. Kwa hiyo kabla hujaanza uliza mapema tena kwa maandishi: nauli nani analipa, siku ngapi kwa wiki, msimamizi wangu ni nani, mwisho lini, barua ntapata lini. Mahali pazuri hawakasiriki ukiuliza hivyo. Na posho isikupofushe, kuna watu nimewaona kwenye kampeni za usafi wanauliza posho kabla hawajauliza mtaro uko wapi, wakiambiwa leo hamna wanaondoka, na mtaro ni wa mtaani kwao.

Ubaya wa pili ni kuja na kuondoka. Wale vijana wa Kijerumani nawapenda na sisi nao tunajuana zamani, mji wetu na Eckernförde ni marafiki rasmi toka 1963, na toka 2008 serikali yao ina mpango wa weltwärts unaopeleka vijana wa miaka 18 mpaka 28 nchi za nje kujitolea. Wanakuja na moyo safi. Lakini mwaka mmoja ni mfupi, mtoto anamzoea mwalimu, mwalimu anaanza kuelewa kwanini mtoto fulani anasinzia saa nne, tarehe ya kurudi imefika. Jirani haondoki.

Na sadaka je?

Kuna wanaosema mimi siwezi kote kuwili, natoa hela. Sawa kabisa. Zaka yenyewe ina hesabu yake, asilimia 2.5 ya mali iliyofika nisabu, yaani kile kiwango cha chini cha kutolea zaka, na ikazungukiwa na mwaka, na wanaopewa ni mafungu manane yaliyotajwa kwenye Qurani, na katika hayo msafiri aliyekwama yumo, mwenye deni yumo, sio ndugu tu. Wakristo nao wana fungu lao la kumi. Uzuri wa sadaka inaweza kwenda kimya, Uislamu na Ukristo wote wanafundisha mkono wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini, na kuna wafiwa na wagonjwa wanaohitaji msaada usio na mashahidi. Udhaifu wake ni kwamba hela haichoti maji na haimshiki mtu mkono. Ukiweza ambatanisha na miguu.

Sasa wewe uende wapi

Kama umemaliza chuo kama binti yangu yule na una nguvu na asubuhi zako zote, nenda taasisi, lakini chagua inayofundisha, uweke muda wako, miezi mitatu au sita, na maswali yale uyaulize siku ya kwanza. Yeye nilimwambia aanze na mafunzo ya huduma ya kwanza, maana hata akipata kazi kesho yake atabaki nayo mkononi, na siku mtu akianguka barabara ya kumi na mbili pale Ngamiani atakuwa jirani anayejua afanye nini. Hapo ndo njia hizi mbili zinakutana na mimi ndo napapenda zaidi, mtu wa mtaa mwenye ujuzi wa taasisi.

Kama una kazi ya zamu au una watoto wadogo na huna muda, usijilaumu kukosa vikao. Toa damu. Mara tatu kwa mwaka kwa mwanamke, mara nne kwa mwanaume, kila mara nusu siku, basi. Uzito haufiki au una tatizo la damu, kuna kusindikiza wengine, kuna watu wanaogopa sindano wanataka mtu wa kukaa nao tu.

Kama umestaafu, mtaa unakuhitaji kuliko taasisi. Nyinyi ndo mnaojua kukata mwanandani, kukafini, kukadiria kilo ngapi za mchele kwa watu wangapi, na vijana hawayajui haya. Chukueni mmoja mmoja mumfundishe. Na mkiwa viongozi wa vikundi nawaomba sana lile daftari liwe la michango tu, lisiwe la kuzikia. Sisi tulirudi kwenye kikao baada ya msiba wa yule mtoto, tukabishana sana, siku hiyo nililia mbele za watu, mwisho tukapitisha kwamba mfiwa yeyote aliye ndani ya mtaa anapata turubai, viti, na watu kumi wa zamu, awe kachanga awe hajachanga. Haikupita kwa kura nyingi.

Na kama wewe ndo mgeni, umeshuka Kange juzi, humjui mtu, usisubiri kualikwa. Msiba hauna kadi. Ukiona turubai mtaani jitande kanga au vaa kofia yako uingie, wasabahi, tamka pole, kwa wanawake zunguka nyuma kwenye kuni ulizia "nisaidie nini?", utapewa sahani za kuosha. Osha. Watakuuliza unakaa nyumba ipi, waambie.